Kmart ilikufa Marekani, ikanona Australia: bei nafuu hutoka wapi?

Oktoba 2024 duka la Kmart la Bridgehampton, jimbo la New York, lilifungwa. Lilikuwa duka la mwisho la Kmart lenye ukubwa kamili katika bara la Marekani, nchi ambako kampuni hiyo ilizaliwa na ambako wakati mmoja ilikuwa na maduka zaidi ya 2,000. Mwaka huohuo kundi la Kmart la Australia lilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 11 za huko kwa mwaka wa fedha. Jina ni lilelile, na biashara ni ileile ya kuuza mataulo, sufuria, nguo za watoto, wanasesere na taa za mezani chini ya paa moja kwa bei ya chini. Huku wamefunga vitabu, kule wanatafuta pa kuongeza matawi.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu: Amazon. Jibu hilo ni la mkato mno. Walmart na Target wanaishi mlango kwa mlango na Amazon huko Marekani na bado maegesho yao yanajaa kila Jumamosi. Isitoshe, Kmart ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake Januari 2002, wakati watu wengi bado waliijua Amazon kama duka la vitabu. Ugonjwa ulikuwa wa ndani na ulikuwa wa siku nyingi. Hoja ya makala hii ni kwamba bei nafuu haitokani na jina wala na ukubwa wa kampuni. Inategemea nani ameishika bidhaa tangu kiwandani, ni aina ngapi zinaruhusiwa kukaa rafuni, na kama duka linajua kwa hakika kilichomo ghalani. Ukizipitia nchi zinazozungumza Kiingereza moja baada ya nyingine, utaona vigezo hivyo vikiwapandisha na kuwaangusha watu walewale.

Aina hii ya duka ina mwaka wake wa kuzaliwa, nao ni 1962. Machi, kampuni ya S. S. Kresge ilifungua Kmart ya kwanza Garden City, Michigan. Mei ikafuata Target huko Roseville, Minnesota. F. W. Woolworth nayo ikaanzisha Woolco mwaka huohuo, na Julai Sam Walton akafungua Walmart Rogers, Arkansas. Wote walifuata ramani moja: kiwanja cha bei rahisi nje ya mji, jengo pana la chini, maegesho makubwa, mteja ajichukulie mwenyewe, makeshia wakae mlangoni. Muuzaji anakubali faida ndogo kwa kila kipande kwa kuwa mzigo unazunguka haraka. Hesabu hii wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa. Mzigo unaotoka mara sita kwa mwaka kwa faida ya asilimia 10 unalisha kuliko ule unaotoka mara moja kwa faida ya asilimia 40.

Kmart iliwatangulia wenzake kwa mbali, kisha ikanaswa na mbinu yake yenyewe ya kuvuta wateja. Kila Jumapili kijitabu cha matangazo kiliingia majumbani ndani ya gazeti, na dukani kulikuwa na taa ya bluu inayozungushwa kutangaza punguzo la dakika chache. Mbinu hizo zilijaza watu, lakini ziliharibu hesabu ya mzigo. Chukulia sabuni ambayo kwa kawaida duka linauza katoni 20 kwa wiki. Ikitangazwa inauza 100, na wiki inayofuata inauza 5 kwa sababu kila mtu ameshajaza stoo yake nyumbani. Meneja akiagiza kwa kufuata wiki ya kawaida, mteja aliyekuja na tangazo mkononi anakuta rafu tupu na anaondoka na hasira. Akiagiza kwa kufuata wiki ya tangazo, ghala linabaki limelemewa. Kiwanda nacho kinazalisha kwa kushtukizwa, ghala linahitaji vibarua wa dharura, lori linatoka nusu tupu. Gharama hizo zote mwishowe zinaingia katika bei.

Walmart ilichagua bei moja ya kila siku. Mauzo yakawa tambarare, na mauzo tambarare ni rahisi kuyatabiri. Mwaka 1987 ikakamilisha mtandao wake wa setilaiti unaounganisha maduka na makao makuu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawafungulia wasambazaji mfumo wa kuona wenyewe mauzo ya bidhaa zao duka kwa duka. Kipindi hichohicho Kmart ilikuwa ikinunua biashara za watu: maduka ya vitabu ya Waldenbooks mwaka 1984 na Borders mwaka 1992, na kati yake maduka ya vifaa vya ujenzi, ya michezo na ya ofisini. Fedha zilizotakiwa kwenda kwenye kompyuta na ukarabati wa maduka zikaenda huko. Kufikia 1990 Walmart ilikuwa imeipita kwa mauzo.

Pigo la mwisho lilikuja 2001, na linafaa kutazamwa kwa karibu. Mkurugenzi mpya, Chuck Conaway, aliamua kupambana na Walmart kwa bei. Alishusha bei za maelfu ya bidhaa, na ili kufidia akakata matangazo ya gazeti. Kwenye karatasi ilionekana sawa, maana ndivyo Walmart inavyofanya. Lakini mteja wa Kmart alikuwa amefundishwa kwa miongo mingi kuja pale tu anapoona tangazo. Tangazo lilipopungua hakuja, na gharama za Kmart kwa kila kipande zilikuwa bado juu kuliko za Walmart, kwa hiyo hata aliyekuja alinunua kwa bei inayoiumiza kampuni. Msimu wa Krismasi ukaharibika, na Januari ikawa mahakamani. Kushusha bei kabla ya kushusha gharama ni kuuza mtaji.

Baadaye mwekezaji Eddie Lampert alishika usukani na mwaka 2005 akaiunganisha na Sears, duka jingine kongwe la Marekani. Fedha nyingi zilikwenda kununua hisa za kampuni yenyewe huku dari zikivuja na taa zikiungua bila kubadilishwa. Hapo hakuna fumbo la biashara la kuchambua. Kundi zima liliomba kinga ya mahakama Oktoba 2018.

Sasa Australia. Kmart ya huko ilifunguliwa 1969 Burwood East, pembezoni mwa Melbourne, kwa ubia wa Kresge na kampuni ya G. J. Coles. Waaustralia wakawanunua Wamarekani hisa zao, na tangu 2007 duka hilo liko chini ya Wesfarmers, kampuni kubwa ya Perth. Wakati Wesfarmers inalipokea lilikuwa limechoka. Mwaka 2008 alikabidhiwa Guy Russo, mtu aliyewahi kuongoza McDonald's ya Australia, na alichofanya kinafanana zaidi na jiko la baga kuliko duka la nguo: menyu fupi, kila kitu kwa kipimo kimoja, bei inayosomeka kwa mbali.

Kwanza aliondoa chapa nyingi za watu wengine. Duka linapouza kibaniko chenye jina maarufu, bei yake inalinganishwa na maduka mengine kumi yenye kibaniko hichohicho, na mwenye jina anachukua sehemu yake. Kmart ikaanza kwenda yenyewe viwandani Asia, na leo karibu kila kitu dukani kina chapa yake, Anko. Pili alipunguza aina. Badala ya vibaniko kumi na viwili, vinakaa vitatu. Agizo ambalo lingegawanywa kwa viwanda kumi na viwili sasa linakwenda kwa vitatu, na kiwanda kinachopewa kazi ya mwaka mzima kinashusha bei yake bila kubembelezwa sana. Tatu alifuta mchezo wa punguzo. Bei ni namba nzima, dola 2, dola 5, dola 29, na inabaki hivyo mpaka ishuke.

Mfano wa kontena unaonyesha jinsi senti zinavyokusanywa. Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina ujazo wa mita za ujazo 76 hivi, ingawa ukipakia kweli unapata kama 68. Tuseme kikaangio cha hewa moto kinakuja ndani ya boksi la mita za ujazo 0.05. Vinaingia 1,360. Nauli ikiwa dola 4,000, kila kimoja kinabeba dola 2.94. Sasa mbunifu akatengeneza mpini unaochomoka, boksi likashuka hadi 0.04. Vinaingia 1,700 na nauli inakuwa dola 2.35 kwa kimoja. Hiyo ni senti 59 ambazo hakuna mfanyakazi aliyekatwa wala mteja aliyeibiwa. Muuzaji wa chapa ya mtu mwingine hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa boksi si lake. Mwenye chapa yake anaweza kumwita mbunifu na kumwambia apunguze sentimita mbili.

Jambo linalosahaulika ni mishahara. Kima cha chini cha Australia kilifika dola 24.95 za huko kwa saa Julai 2025, miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kile cha serikali kuu ya Marekani kimekwama kwenye dola 7.25 tangu 2009, ingawa majimbo mengi na maduka mengi makubwa yanalipa zaidi ya hapo. Kama bei nafuu ingekuwa inatokana na kumpunja keshia, Kmart ya Australia isingefua dafu. Keshia, ukitazama vizuri, ni sehemu ndogo ya bei ya taulo. Ila tusiwapake mafuta: mishahara hiyo ndiyo iliyosukuma mashine za kujilipia mwenyewe, na mashine hizo zimeleta wizi, na wizi umeleta mlinzi mlangoni anayekuomba risiti. Kiwandani Asia nako kuna maswali ya mishahara ambayo bei ya dola 5 kwa fulana inayaficha vizuri sana.

Ushindi huo uliwaumiza kwanza ndugu wa tumbo moja. Target ya Australia, ambayo nayo ni mali ya Wesfarmers, ilikuwa katikati: bei juu kidogo ya Kmart, mtindo chini kidogo ya maduka ya nguo. Mwaka 2020 kampuni ilitangaza kwamba maduka yake hadi 92 yangegeuzwa kuwa Kmart na mengine hadi 75 yangefungwa. Katika biashara hii katikati ni pabaya.

Target hiyo, kwa njia, si ya Wamarekani. Ilianza kama duka la vitambaa Geelong mwaka 1926, ikanunuliwa na Myer, kampuni ya maduka ya hukohuko Australia, ikaanza kutumia jina na duara jekundu miaka ya 1970. Woolworths ndiyo imewachanganya watu zaidi. Ya Marekani ilianzishwa na Frank Woolworth mwaka 1879, ya Uingereza ilikuwa mtoto wake tangu 1909, lakini ya Australia ya 1924 na ya Afrika Kusini ya 1931 zilijichukulia jina bila undugu wowote. Ile ya Afrika Kusini ndiyo yenye matawi Nairobi, nayo ni duka la watu wenye nafasi. Mwingereza aliyekua akinunua peremende za kupima za Woolworths akiingia humo atadhani amepotea. Kinyume chake, kampuni moja ya Marekani, TJX, inaitwa TJ Maxx nyumbani, Winners Kanada, na TK Maxx Uingereza na Australia, kwa sababu Uingereza tayari kulikuwa na duka la bei nafuu liitwalo TJ Hughes. Majina tofauti, tajiri mmoja, na kote inapata faida.

Jina likivuka mpaka peke yake, yanayotokea ni kama ya Target ya Marekani ilipoingia Kanada. Kisa hiki kinastahili kufundishwa vyuoni. Januari 2011 Target ilikubali kulipa dola bilioni 1.825 za Kanada kuchukua mikataba ya pango ya maduka hadi 220 ya Zellers, duka la bei nafuu la wenyeji. Machi 2013 ikafungua milango, na mwaka huo pekee maduka 124. Januari 2015 ikatangaza kuondoka. Maduka 133, wafanyakazi 17,600, na kampuni ikaandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 5 za Marekani.

Wateja walikuwapo, siku za kwanza walipanga foleni. Kilichokosekana ni bidhaa rafuni. Target ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta wa nyumbani, lakini haukuweza kushughulikia dola ya Kanada wala maandishi ya Kifaransa, ambacho sheria inataka kiwepo kwenye kila kifungashio. Ikanunua mfumo mpya. Mfumo mpya ulidai taarifa za kila bidhaa ziingizwe upya: urefu, upana, kimo, uzito, idadi ndani ya katoni, bakodi, kiwanda. Bidhaa zilikuwa makumi ya maelfu, muda ulikuwa miezi, na waliopewa kazi wengi walikuwa vijana waliotoka masomoni.

Makosa yalikuwa ya kawaida kabisa. Vipimo vya inchi viliingizwa mahali pa sentimita. Upana uliandikwa kwenye safu ya urefu. Katoni ya vipande 12 ikasajiliwa kama kipande 1. Sasa fuata kosa hilo la mwisho. Duka linauza vipande 12, kompyuta inadhani zimetoka katoni 12, inaagiza katoni 12, na ghala linapokea vipande 144. Kwa bidhaa nyingine ikawa kinyume, rafu inamalizika na kompyuta inaamini mzigo upo. Boksi lililopimwa vibaya haliingii kwenye rafu iliyopangiwa, kwa hiyo linabaki nyuma. Matokeo yake maghala yalifurika hadi mzigo kukaa kwenye matrela nje, wakati mteja kilomita chache pale anatazama rafu tupu. Kampuni ilipokuja kukagua iligundua kwamba taarifa sahihi zilikuwa kama asilimia 30 tu, ilhali Marekani ilizoea asilimia 98 au 99.

Kwa nini haikusimama ikarekebisha? Kwa sababu ya pango. Ilikwisha chukua mikataba ya majengo, na kila mwezi jengo tupu lilikula kodi. Mtu aliyekwisha lipia fremu huwa na haraka ya kufungua hata kama mzigo haujatoka bandarini. Walmart iliingia Kanada 1994 kwa njia nyingine. Ilinunua maduka 122 ya Woolco yakiwa hai, yakiwa na wafanyakazi na wasambazaji wao, ikayageuza hatua kwa hatua. Target ilinunua kuta.

Halafu kulikuwa na bei. Wakanada wengi huishi karibu na mpaka na waliijua Target ya Buffalo au Seattle bei kwa bei. Walipokuta bidhaa hiyohiyo ghali zaidi walihisi wameonewa, hata pale ambapo sababu ilikuwa ushuru, idadi ndogo ya watu na umbali wa kusafirisha. Kosa la Kampuni lilikuwa kuwaahidi Target ileile.

Uingereza haina duka la namna hii kwa maana halisi. Kuna sababu ya sheria: tangu katikati ya miaka ya 1990 mwongozo wa mipango miji unataka maduka makubwa yatafutiwe nafasi katikati ya miji kwanza, kwa hiyo ile ramani ya kiwanja rahisi nje ya mji ilibanwa. Walmart ilinunua Asda, kampuni ya supamaketi ya huko, mwaka 1999 kwa pauni bilioni 6.7, ikakaa miaka zaidi ya 20, ikauza sehemu kubwa ya hisa 2021 kwa thamani isiyopishana sana na ile ya kwanza. Ukiondoa mfumuko wa bei, hiyo si biashara ya kujivunia. Badala ya duka moja la kila kitu, Waingereza wana vipande vyake. Nguo ziko Primark, iliyoanzia Dublin 1969 na ambayo Ireland bado inaitwa Penneys. Sabuni, vyombo na biskuti ziko B&M na Home Bargains. Vifaa vya umeme na vya watoto viko Argos, ambako kwa miaka mingi uliandika namba ya bidhaa kwenye karatasi na kusubiri iletwe kutoka stoo.

Duka lililojaribu kuuza vyote lilikuwa Woolworths, nalo lilifunga maduka yake ya mwisho Januari 2009: maduka 807, ajira kama 27,000. Kifo chake kinaeleza jambo ambalo wateja hawalioni kamwe, nalo ni bima ya mikopo. Msambazaji huleta mzigo leo na kulipwa baada ya siku 60 au 90. Ili alale usingizi anakata bima itakayomlipa duka likifilisika. Kampuni za bima zikisikia harufu ya moshi zinajitoa. Siku hiyohiyo msambazaji anadai fedha taslimu kabla ya lori kuondoka. Duka halina taslimu, kwa kuwa mfumo wake wote ulitegemea kuuza mzigo kabla ya kuulipia. Rafu zinaanza kupata mapengo, wateja wanaona mapengo, mauzo yanashuka. Kutoka hapo ni wiki, si miaka. Woolworths ilikuwa imejifunga zaidi 2001 ilipouza majengo ya maduka 182 na kubaki mpangaji humo kwa kodi inayopanda. Wilko, duka jingine la Uingereza la vifaa vya nyumbani, ilipita njia hiyo tena Agosti 2023. Na Wakenya waliotembea kati ya rafu tupu za Nakumatt mwaka 2017, wakati wasambazaji waliodai walipoacha kuleta mzigo, wanaijua picha hiyo bila kusimuliwa.

New Zealand nitaipitia kwa kifupi. The Warehouse ya Stephen Tindall ilianza 1982 Auckland na ilinufaika sana serikali ilipolegeza vibali vya kuingiza bidhaa miaka hiyo. Kwa watu milioni chache ilikuwa kila kitu. Ilivuka kwenda Australia 2000, ikarudi 2005 imenyolewa. Siku hizi inabanwa nyumbani kwake na Kmart ya Australia, ambayo inaagiza kwa watu mara sita zaidi na kuigawia New Zealand mzigo huohuo.

Afrika Kusini inatuhusu moja kwa moja. Game, iliyoanzia Durban 1970, ilikuwa mkononi mwa Massmart wakati Walmart iliponunua asilimia 51 ya kundi hilo mwaka 2011. Wengi Afrika Mashariki waliamini bei za Walmart zingefika Mlimani City ya Dar es Salaam, Lugogo ya Kampala na, kuanzia 2015, Garden City ya Nairobi. Hazikufika, na hazikuweza kufika. Game iliuza hasa televisheni, majokofu na mashine za kufulia za chapa za watu. Friji ya chapa maarufu haina boksi unaloweza kulipunguza sentimita mbili, na bei yake mteja anaijua kutoka kwa muuzaji wa Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo, ambaye halipi kodi ya jengo la kifahari na yuko tayari kupatana. Ongeza shilingi inayoteleza dhidi ya dola kati ya siku ya kuagiza na siku ya kuuza. Mwaka 2021 Massmart ilitangaza kuachana na maduka 14 katika nchi tano, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Linganisha na Pep, ya Afrika Kusini hiyohiyo, iliyoanza 1965. Maduka yake ni madogo, yako mpaka miji ya vumbi, nguo ni za chapa yake, sare za shule hazikosi, na mteja anaweza kuwekewa bidhaa akalipa mdogo mdogo mpaka amalize. Pep ina maduka zaidi ya 2,000. Ni jirani wa Game aliyefuata hesabu ya Kmart ya Australia bila kuiga jengo lake.

Wanaoishi ughaibuni hupenda kulinganisha bei za maduka haya kwenye simu, na mara nyingi hukosea mahali palepale. Marekani na Kanada bei ya rafuni haina kodi. Inaongezwa kwa keshia, kuanzia sifuri Oregon hadi asilimia 15 New Brunswick. Uingereza, Australia, New Zealand na Afrika Kusini bei ya rafuni imeshabeba kodi ndani, kama ilivyo Kenya na Tanzania. Kuiondoa si kutoa asilimia, ni kugawanya. Kitu cha dola 20 Australia, kodi ikiwa asilimia 10, gawanya kwa 1.1 upate 18.18, ukitoa asilimia 10 utapata 18 na umekosea. Cha pauni 12 Uingereza gawanya kwa 1.2 upate 10, isipokuwa nguo za watoto, ambazo huko hazitozwi.

Kubadilisha fedha pekee hakutoshi. Pima kwa saa za kazi. Tuchukulie sufuria ileile, kwa bei za kubuni na kima cha chini cha 2025. Australia dola 20 ni dakika 48 za kazi. Uingereza pauni 12, kwa kima cha pauni 12.21, ni dakika 59. Marekani dola 15 na kodi ya asilimia 8 inakuwa 16.20, kwa anayelipwa 15 ni saa moja na dakika 5, kwa aliyebaki kwenye 7.25 ni saa mbili na dakika 14. Afrika Kusini randi 200, kwa kima cha 28.79, ni karibu saa saba.

Anayechagua mitumba Gikomba au Karume naye hukutana na maduka haya, maana marobota ya Uingereza, Kanada na Australia yamejaa lebo za Primark, George ya Asda, Kmart na Target. Lebo ya Target peke yake haikwambii nguo imetoka wapi. Tazama saizi: gauni la kike la 12 la Australia au Uingereza linakaribia 8 la Marekani. Mwuzaji akikwambia "hii ni Target ya Amerika, saizi 12" na ikambana dada wa wastani kifuani, kuna uwezekano mkubwa imetoka Target ya Australia.